Prefe na Chombo Kisichotua

Ndani ya nyumba yake alivaa kravati. Nje alivaa abakosti, koti la kufungwa mpaka kooni, kama wanaume wote wa Zaire miaka ile, kwa maana kravati ilikuwa imekatazwa, ilisemwa ni kitu cha wazungu, na mtu angeweza kulazwa ndani kwa ajili ya kitambaa cha shingoni. Lakini Jumapili mchana, tukishaingia wote na mlango kutiwa komeo, alikwenda chumbani na kurudi nayo, nyekundu, imechakaa ncha, akaiweka sawa mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, ndipo akakaa. Mtu akibisha hodi, aliivua haraka na kuitia ndani ya sufuria. Siku moja nilimwona ameivaa ina punje za wali, na sikumwambia.

Tulimwita Prefe kwa sababu aliwahi kuwa mkubwa wa shule ya sekondari kule Kisangani, na kwetu Kindu mtu akiwa prefe mara moja anabaki prefe hata akiuza mikate. Alizaliwa wapi, babu yake nani, sijui na sitaki kujua. Mwenyewe alikuwa anakasirika akiulizwa. Alisema watu wa serikali wamekwisha kumuuliza vya kutosha.

Kindu hakuja kwa kupenda. Siku ya sherehe moja ya Chama kilichotawala, shule yake yote ilisimama uwanjani ikiimba na kucheza na kupiga makofi, naye alisimama mbele yao mikono mifukoni. Walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hakusikia jambo la kupigia makofi. Basi. Wakamtupa kwetu, wakamkataza kutoka mjini, na kila Jumatatu alipaswa kwenda kujionyesha ofisini kama mbuzi wa kuhesabiwa. Mke wake alibaki Lubutu kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa wa kulala tu. Mume asitoke Kindu, mke asitoke Lubutu, na kati yao barabara ya malori. Dereva aliyetoka kule alimletea karanga na salamu, naye alimpa sabuni na salamu, na kumuuliza mambo ambayo dereva hawezi kuyajua, kama vile mke wake amekonda au hakukonda.

Mtu huyo hakuwa na kitu kingine isipokuwa mchezo. Ninasema hivyo mapema ili mjue tulikuwa tunacheza na nini.

Mchezo wenyewe ulitoka kwa kijana mmoja mzungu aliyefundisha hesabu hapa, akaondoka na kuacha sanduku la karatasi. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa ambacho mchwa walikwisha kukila nusu, na dadu za ajabu, zenye nyuso nyingi kuliko za kwetu. Haukuwa mchezo wa ubao. Kila mmoja alijichagulia mtu wa kuwa, wakati ujao, ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Prefe alieleza mahali mlipo na linalotokea, wewe ukasema mtu wako anafanya nini, dadu zikaamua kama ameweza. Hakuna anayeshinda. Mnasafiri tu, na safari yetu ilikuwa ya kwenda kwenye sayari moja ambako, alisema, watu waliishi bila kuomba ruhusa.

Tulikuwa wanne. Kasongo, karani wa kwenye gari moshi, alikuwa kapiteni, na alistahili, alikuwa na sauti. Sefu, mwenye duka la chumvi na sabuni karibu na msikiti, alishika mizigo. Mama Mado, muuguzi wa hospitali, alikuwa daktari wa chombo, ingawa alisema anachoka na wagonjwa wiki nzima halafu Jumapili tena anapewa wagonjwa wenye vichwa viwili. Mimi ni mshonaji, nina mashine yangu sokoni, na mume wangu alikuwa kazini Kalima kwenye machimbo ya mawe ya bati. Mimi niliendesha. Prefe aliniita Shofere tangu siku ile, hata sokoni, hata mbele ya wateja, mpaka watu wakaanza kuniuliza lori langu liko wapi.

Mwaka wa kwanza, jamani, ulikuwa mtamu. Nasema kweli. Prefe aliweza kuelezea giza la huko juu mpaka ukasikia baridi ya mgongo, hapa Kindu, mchana, chini ya mabati. Alikuwa na mikono mirefu na aliitumia. Tuliondoka Zaire bila kibali, bila mtu wa kupekua mizigo, na nilirudi nyumbani nikiwaangalia watu wa barabarani kama nimetoka safari. Watoto wangu waliniuliza ninacheka nini.

Lakini sisi tulikuwa watu wa hapa, na chombo kikawa cha hapa. Kikiharibika tulitafuta piesi ya kukitengeneza, na piesi haikuwepo. Tukifika kituo cha angani tulikuta baryeri ya kufunga njia, na Sefu alijua mara moja cha kumpa mlinzi. Siku moja Prefe alimwambia kwamba wakati ule ujao hongo imekwisha duniani. Sefu alimtazama kwa huruma na kumwambia arushe dadu tu. Dadu zikampa Sefu haki.

Prefe alikuwa na neno lake la darasani ambalo hakuliacha. Ukimkubalia haraka haraka, ndiyo Prefe, ndiyo Prefe, alikunja uso na kusema: "Usiniitikie. Nijibu." Hakupenda mtu wa kuitikia. Ukimbishia, hata kwa upumbavu, alifurahi na kukuongezea chai. Na mtu huyohuyo hakuweza kuvumilia kabisa kunyamaziwa. Tukikaa kimya kidogo tu alianza kuzungushazungusha dadu mkononi na kutusoma nyuso, mmoja mmoja, akitafuta kama tumechoka. Nani angemwambia amechoka, akitazamwa vile?

Mambo mengine yake yalikuwa hayaelewani. Saa yake aliitia majira kila asubuhi, na ukichelewa kidogo ulimkuta amesimama mlangoni, lakini mchezo wake haukuwa na mwisho. Alichukia deni, ila vitabu vya watu hakurudisha. Alisema mpishi mbaya ni mwizi wa chakula, halafu alituunguzia wali kila Jumapili na kula ukoko kwa furaha, sombe ya majani ya muhogo pembeni, kravati ameirusha begani isiingie mafutani.

Mtu wa Chama wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, alikuja mara moja kutuchunguza. Watu watano ndani ya nyumba iliyofungwa, na mmoja wao amefukuzwa Kisangani, si angekuja? Kravati ilikuwa tayari ndani ya sufuria. Tulimweleza mchezo. Alisikiliza kwa makini, mikono magotini, kiisha akauliza kama huko juu ndani ya chombo kuna picha ya Prezida. Prefe alifunga mdomo. Nilimwona mshipa wa shingo umesimama, nikajua akifungua mdomo tumekwisha sisi wote. Sefu njo alituokoa. Alisema, tena kwa heshima, akimwita raia kama ilivyoagizwa, kwamba picha iko, Sitwayeni, tumeitundika kwenye chumba cha kulia. Yule bwana akatikisa kichwa kukubali, akauliza safari itaisha lini. Hakuna aliyejua. Akasema vizuri, akala wali, akaenda. Jumapili iliyofuata tulikuta chumba cha kulia cha chombo kimeungua moto.

Sasa nieleze huu ubishi wetu, maana ulidumu kuliko ndoa za watu.

Ulianza kwenye sayari ya tatu. Tulifika juu yake na tukaambiwa tusubiri ruhusa ya kutua. Tukasubiri. Jumapili kwa Jumapili tulizunguka tukisubiri, msimu wa mvua ukaingia ukatoka, na Prefe alituletea mambo madogo madogo ya ndani ya chombo: maji yanapungua, taa imezimika, nani ameiba biskuti. Kutua hakuna. Tukitoka kwa Prefe tulibishana njia nzima mpaka penye kivuko, ambako Mama Mado alipanda bak kurudi kwake ng'ambo, Alunguli.

Kasongo alisema mchezo ni mzuri ila ni mrefu. Sefu alisema hapana, urefu si neno, hadithi nzuri hata ikiwa ndefu mtu haioni, sasa ukiona urefu ujue uzuri umekwisha toka. Mama Mado alisema mchezo ulikuwa mzuri kwa mwaka mmoja na ulipaswa kumalizika pale, kama vile dawa, ukizidisha kipimo inakuwa sumu. Mimi niliwaambia wote watatu kwamba wanasema maneno ya bure, kwa sababu shida si urefu wala uzuri. Prefe anasubiri ruhusa, kwa hiyo na sisi tunasubiri ruhusa. Hataki chombo kitue kwa sababu kikitua sisi tutakwenda makwetu, naye atabaki na sufuria.

Kila mmoja alikuwa amekwisha kuliwaza hilo kichwani mwake.

Basi tukaendelea kwenda. Wala msifikiri ilikuwa rahisi. Jumapili ni siku yangu moja, nina nguo za watu za harusi, mume wangu akiweza kushuka kutoka Kalima anashuka Jumapili, ananikuta natoka. Tuligombana. Alisema anaelewa mke kwenda kanisani, anaelewa hata mke kwenda kwa mwanamume, lakini kwenda kukaa angani bila kutua, hilo halielewi. Nilimwambia mzee wa watu yuko peke yake. Na nilipofika pale, nikakaa kwenye kiti changu, nikasikia tena kwamba ruhusa haijaja, nilihisi kuta zinanisogelea. Nilikuwa nafungwa na mtu aliyefungwa. Nilimchukia, nikamhurumia, nikamwambia mtu wangu anashika usukani.

Halafu redio ikasema. Asubuhi moja ilitangazwa kwamba wote waliozuiliwa mahali fulani kwa mambo ya siasa wamesamehewa, kila mmoja yuko huru kwenda kwake. Kindu nzima ilisikia. Nilikuwa sokoni, wanawake waliniambia kabla sijamaliza upindo: Prefe wako amefunguliwa. Nilifurahi mpaka nikajichoma sindano. Nilimfurahia yeye, nikajifurahia na mimi.

Jumapili ile tulikwenda kumuaga. Hatukupatana kabla, lakini kila mmoja alikuja na kitu. Sefu alileta nyama ya mbuzi, Mama Mado samaki wa kuokwa, mimi shati nililomshonea la safari. Dereva mmoja wa Lubutu alikuwa ng'ambo ya mto, anapakia, angeondoka katikati ya wiki. Prefe alikuwa amenyoa. Kravati ilikuwa imepigwa pasi. Kabla hatujafungua mdomo alisimama nyuma ya kiti chake, kama mbele ya darasa, akatuambia kwamba amesikia. Kumbe Sefu, kwa utani wake wa dukani, aliwahi kumwambia kwamba tunabishana kama mchezo umezidi urefu.

Ninayakumbuka maneno yake. "Mimi sasa niko huru. Naweza kwenda na lori ya wiki hii, mke wangu ananingoja. Lakini ninyi nimewatia katika safari, na shofere hawezi kuacha abiria njiani. Kama mungali munaitaka, nitabaki mpaka chombo kifike. Kama mumechoka, semeni, hakuna aibu. Nawauliza: nani anataka tuendelee?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu anaulizwa, mtu anajibu. Lakini nani alituuliza kitu miaka yote ile kwa namna nyingine? Katika Zaire mlikusanywa, mtu alisimama mbele, akauliza kama mnakubali, na mlikubali kwa mikono. Karatasi ya siri ya kupiga kura, watu wa kwetu waliisikia tu kwa wengine. Kasongo, ambaye huko kwenye gari moshi walipanga mstari kila Jumatatu mbele ya bendera kabla ya kazi, aliposikia "nani anataka", mikono yake ilikwenda yenyewe. Akapiga makofi.

Na kwetu, mtu akianza kupiga makofi haachwi peke yake. Mwili unajua. Sefu akapiga. Mimi nikapiga, huku namwangalia Sefu, nikisema moyoni, kumbe huyu bado anaupenda mchezo, muongo mkubwa. Mama Mado akasimama, na mmoja akisimama wote wanasimama, na alipokwisha simama akatoa kigelegele. Tulipiga makofi ya pamoja, ya mpigo mmoja, yale ya uwanjani. Nyama ya mbuzi ilikuwa mezani inapoa.

Prefe alitutazama mmoja mmoja. Machozi yalimtoka bila kujificha. Akasema basi, nabaki. Akavuta kiti, akakaa, akatuambia ruhusa ya kutua haijaja bado.

Tulipotoka tulitukanana mpaka kivukoni. Nani alianza? Kasongo alisema alidhani sisi tunataka. Sefu alisema yeye angefanyaje, akae mikono mifukoni peke yake? Aliposema hivyo aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaongeza mwendo. Mama Mado alilia kwa hasira. Tukapatana kumwambia ukweli Jumapili ijayo, tena sisi wote kwa sauti moja. Tulipokwenda tulikuta amekwisha kumpa dereva ujumbe wa mdomo kwa mke wake, kwamba avumilie kidogo, kuna watu hapa wanaomhitaji. Lori ilikuwa imekwisha kwenda. Utamwambia nini mtu baada ya hapo? Nikamwuliza Kapiteni anaagiza nini, na Kapiteni akaagiza tuzunguke tena.

Hasira yangu ilikuwa kwake zaidi. Sisi tulikuwa watu wa kawaida, tulitaka kuishi. Yeye ndiye aliyejua. Katika mji huu mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyelipa kwa kujua makofi yana thamani gani, na akayapokea ya kwetu kama pesa nzuri.

Mchezo haukuisha, ulikauka tu. Kasongo alihamishwa kwenda stesheni nyingine. Sefu alifunga duka na kwenda Tunda kununua mchele, akabaki huko na mke wa pili. Mama Mado aliingia katika kundi la maombi ambalo nalo lilikutana Jumapili. Nilibaki mimi na Prefe, na watu wawili hawawezi kuendesha chombo, hata yeye alikubali. Hakutoa neno la mwisho. Siku moja hakuniwekea dadu mezani, tukala wali.

Wakati huo nchi nayo ilikuwa inakauka. Madaraja ya barabara ya Lubutu yalianguka moja baada ya jingine na hakuna aliyeyainua. Malori yakapungua, yakawa ya kusikia, yakaisha. Msitu uliirudisha barabara. Vijana wenye nguvu walipita na baiskeli, wakibeba mizigo mgongoni, majuma juu ya majuma. Prefe alikuwa na nyonga mbovu, alitembea kwa fimbo mpaka sokoni na kurudi, akikaa mara mbili njiani, na tena kwa mashine yangu.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa mazungumzo ya kweli nilimkuta kitandani, mchana, hakuvaa kravati wala abakosti, amevaa singlendi. Kijana mmoja wa baiskeli alikuwa ametoka Lubutu na kumletea karanga, na habari kwamba mke wake yu mzima, ila macho yamekwenda, haoni tena. Yule mama mgonjwa alikwisha kufa zamani. Mke sasa aliishi peke yake. Prefe alinieleza hayo kwa sauti ya chini, akimenya karanga na kunipa mimi, yeye hali.

Kisha akaniuliza. "Shofere. Ule muchezo ulikuwa muzuri?"

Nilikuwa nimechoka na kumdanganya. Nilimwambia mwanzoni ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichopata katika mji huu, kisha ukawa mrefu, kisha ukawa jela. Akauliza tangu lini. Nikamwambia kabla ya redio, mbali kabla. Mikono ikasimama kwenye karanga.

"Na siku ile ya kupiga makofi?"

"Tulikuonea huruma, Prefe. Tulikuwa tumekuja kukuaga."

Nje mtu alikuwa anatwanga sombe, na tulisikiliza kinu chake wote wawili. Halafu akasema kwamba yeye naye alituonea huruma sisi. Aliona akituacha hatutakuwa na kitu, tutabaki Kindu na Chama na mawe ya bati. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake Jumamosi ile. Lilikuwa chini ya kitanda tulipokuwa tukila nyama.

Hapo njo nilikasirika, na sikujizuia, hata mbele ya mgonjwa. Nilimwambia wewe si mutoto. Wewe walikuleta huku kwa sababu ya makofi. Ulijua watu wanapigaje, ulijua wanapiga kwa nini, ungeweza kutuambia tukae chini na kutuuliza tena, mmoja mmoja. Ulijua.

"Nilijua," alisema Prefe. Alikuwa anaangalia ukuta wa upande wa mto. "Lakini sikuwahi kupigiwa mimi."